Risasi za elki, pofu ataanguka?

SWALI: Nafanya kazi kwenye kampuni ya utalii wa uwindaji hapa Arusha. Mgeni wetu kutoka Marekani anataka kumpiga pofu kwa risasi anazowindia elki (kulungu mkubwa wa Amerika) kwao: kaliba ya .300 Magnum, kichwa cha greini 180 (kipimo cha uzito), ncha laini. Zinafaa?

JIBU: Ndugu, kaliba, yaani unene wa risasi, inatosha. Tatizo ni kichwa cha risasi, ile sehemu inayoruka na kumgonga mnyama. Elki dume ana kilo 320 hivi. Pofu dume hufika 900, na bega lake ni zito. Kichwa cha kawaida cha ncha laini, chenye kiini cha risasi na ganda jembamba la shaba, hutoka kwa mita 900 hivi kwa sekunde. Kikigonga mfupa wa bega umbali wa mita 50, chaweza kupasuka vipande kabla ya kufika mapafuni. Mnyama anakimbia na jeraha la juujuu, anateseka porini.

Mgeni achukue chenye kiini kilichounganishwa imara na ganda lake, au cha shaba tupu. Hicho cha pili kina kasoro: kasi ikishuka chini ya mita 600 hivi, huenda kisipanuke kikigonga, kikatoboa tundu dogo tu. Basi asipige mbali. Tena arekebishe darubini ya bunduki upya kwa risasi hizo kabla ya kuingia porini, maana huenda zisigonge palepale zinapogonga zile za elki.