Jibu: Nimesoma nikaguswa, nataka kuacha nyama, maziwa na mayai, ila mama hanielewi

Mdogo wangu, nimekuelewa. Umesoma kitabu cha mwanafalsafa Peter Singer kuhusu mateso ya wanyama, dhamiri imekusuta, na mama anaona unadharau chakula chake. Dhamiri hiyo usiizime. Mimi nami vitabu ndivyo vilivyonifikisha huku, na sijajuta.

Ila Singer alikitoa mwaka 1975, akieleza zaidi ufugaji wa kiviwanda na majaribio ya maabara huko ughaibuni. Nenda kaone kuku wa mayai wa mtaani kwako wanavyofugwa, ili uamuzi uwe wako, si wa mwandishi.

Kwa mama, usianze na hoja. Ingia jikoni upike wewe. Kisamvu cha karanga, maharage ya nazi, kunde, choroko, mchicha: vyote anavijua, na havina mnyama ndani. Acha nyama kwanza, kisha mayai, maziwa mwishoni. Shughulini kula kabla hujaenda, wala usimhubirie mtu juu ya sahani yake.

Usichopaswa kupuuza kabisa ni vitamini B12. Mboga na nafaka hazina, na upungufu wake huharibu neva polepole. Nunua vidonge vyake duka la dawa. Maharage yakamulie ndimu ili mwili upate vizuri madini ya chuma, na chai, inayozuia madini hayo, isubiri kama saa moja baada ya mlo.

Kama una mimba, unanyonyesha au una upungufu wa damu, muone daktari au mtaalamu wa lishe kabla hujabadili chochote. Ukihisi ganzi miguuni au uchovu usioisha, nenda hospitali wakupime damu.