Jibu kwa mama wa Greensboro: binti wa darasa la nane anayetaka unesi na fomu ya Early College

Dada, nimesoma swali lako mara mbili kabla ya kuanza kuandika. Unasema binti yako yuko darasa la nane, tangu mdogo wimbo wake ni unesi, na shule imemletea fomu ya Early College inayosema atamaliza sekondari huku ameshachukua digrii ya miaka miwili, bila wewe kulipa ada. Unauliza kama ni kweli, na kama hutamharibia mtoto. Waliotangulia kujibu wamegawanyika: mmoja kasema jaza leo leo amalize mapema aanze kazi, mwingine kasema hizo ni shule za walioshindwa kwingine. Mimi nina watoto wawili waliopita njia hiyo hapa hapa North Carolina, na mwenyewe ni nesi wa zamu ya usiku. Nitakueleza yaliyotupata nyumbani, kwa sababu kwa mtoto wa kwanza tulikosea na kwa wa pili tukajifunza.

Kwanza, ni kweli. Mfumo huu si wa jana. Shule ya kwanza ya aina hii iliyowekwa ndani ya komyuniti koleji, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, ilianza New York mwaka 1974, pale LaGuardia, kwa watoto ambao walikuwa hatarini kuacha masomo. Nadhani ndiyo maana yule ndugu anasema ni za walioshindwa. Jimbo letu lilipitisha sheria yake mwaka 2003, na sasa zipo zaidi ya 100, nyingi ndani ya viwanja vya koleji zenyewe. Zinalenga hasa watoto ambao hakuna aliyesoma chuo nyumbani kwao, na watoto wetu wengi wamo humo. Nafasi zikizidiwa na waombaji, baadhi ya shule huchagua watoto kwa kura ya bahati nasibu. Watafiti wa chuo kikuu cha UNC Greensboro waliwafuatilia kwa miaka walioingia kwa kura na waliokosa, wakaona walioingia wanapata digrii kwa wingi zaidi. Kwa hiyo usiogope jina.

Sasa nije kwa kijana wangu. Tulipofika Marekani nilikuwa na akili ya kule nyumbani: ukimaliza kidato cha nne na Biolojia yako na Kemia, unaingia chuo cha uuguzi, miaka mitatu una diploma. Nikaona huku mtoto anaweza kuyala masomo ya chuo akiwa bado na miaka 16, nikamsukuma. Mshauri wa shule naye akamwandikisha BIO 168, yaani Anatomia na Fiziolojia ya kwanza, akiwa darasa la kumi, pamoja na masomo mengine mawili ya chuo. Sikuuliza kitu. Nilijisifu kanisani.

BIO 168 ni somo ambalo hata watu wazima wanalirudia. Mifupa mia mbili na sita, kila kishimo na kila kichuguu cha mfupa kina jina lake la Kilatini, na siku ya mtihani wa maabara unapita meza hadi meza ukiwa na dakika moja tu kwa kila meza. Kijana alikuwa anasoma hadi saa sita za usiku, analala na kitabu kifuani. Nilipompigia simu mwalimu wake niulize hali, akaniambia kwa upole kwamba hawezi kuzungumza nami. Hilo wazazi wengi hatulijui: mtoto akishajiandikisha chuo, kumbukumbu zake za chuo ni zake, hata kama ana miaka 15. Sekondari inaweza kukuambia, koleji inasubiri ruhusa yake. Akapata D.

D ya sekondari unaweza kuisahau. D ya koleji inaandikwa kwenye transkripti ya chuo, yaani rekodi ya alama zake, na inabaki hapo. Haihamishiki kwenda chuo kikuu, maana wanataka C na kuendelea. Akiomba msaada wa fedha baadaye, wanapima kama anafaulu masomo anayochukua, na hilo somo limo kwenye hesabu. Na kama siku moja mtoto akataka udaktari, mfumo wa maombi ya shule za udaktari unadai transkripti za kila chuo alichowahi kusoma, pamoja na masomo aliyochukua akiwa sekondari, na akirudia somo wanahesabu alama zote mbili. Kijana alirudia akapata B, na leo anasomea upigaji picha za eksirei na anaendelea vizuri. Lakini ile D ilimvunja moyo mwaka mzima, na mzigo huo niliubebesha mimi.

Kwa binti tulibadili mpangilio, na hapa ndipo ninapotaka usome taratibu. Usiangalie idadi ya krediti, yaani vipimo vya masomo vinavyojumlishwa hadi digrii. Angalia sayansi anaianza lini na anakutana na mgonjwa lini. Darasa la tisa alichukua somo moja jepesi la koleji, lile la kujifunza namna ya kusoma chuo. Darasa la kumi akachukua ENG 111 na PSY 150, yaani uandishi na saikolojia. Darasa la kumi na moja tukamtafutia Nurse Aide I, yaani mafunzo ya msaidizi wa nesi, NAS 101, yenye krediti 6. Anatomia tukaiweka darasa la kumi na mbili, na sehemu ya pili tukaiacha hadi mwaka wa tano, kwa sababu shule nyingi za aina hii zinaruhusu mwaka wa kumi na tatu. Wenzake wengine walimaliza na krediti 60 kwa miaka minne tu. Yeye alimaliza kwa mitano, na sayansi zake zote ni A na B. Sijutii hata siku moja ya ule mwaka.

Kuhusu Nurse Aide, usichanganye na uuguzi. CNA, yaani msaidizi wa nesi mwenye cheti, si nesi. Ni msaidizi: anaogesha, analisha, anageuza mgonjwa, anapima mapigo, anaripoti. Sheria ya nchi nzima inataka mafunzo yasiyopungua saa 75, kisha mtihani wa maandishi na wa vitendo, ndipo jina linaingia kwenye rejista. Kuwa RN, yaani nesi aliyesajiliwa, bado kuna programu ya uuguzi yenyewe ya miaka miwili au minne, halafu NCLEX, mtihani wa leseni. Nawaambia wazazi wote wa kwetu jambo hili kwa sababu nimeona familia inamfanyia mtoto sherehe ya unesi, kumbe ndiyo kwanza ameshika mlango.

Lakini mlango huo una faida ambayo hakuna somo lingine linalompa. Wiki za kujiandaa na mtihani wa vitendo, sebule yetu iligeuka wodi. Bibi yao alilazwa kwenye kochi, amefunikwa kanga badala ya shuka. Binti anabisha hodi, anajitambulisha, anaeleza anachotaka kufanya kabla ya kumgusa, anavuta pazia ambalo halipo. Ananawa mikono vidole vikielekea chini, anafunga maji kwa karatasi, si kwa mkono. Anahesabu pumzi za bibi kwa dakika nzima bila kumwambia kwamba anamhesabia, maana mtu akijua anahesabiwa anabadili upumuaji. Akimaliza anaweka rimoti ya televisheni mkononi mwa bibi: hiyo ndiyo kengele ya kumwita nesi. Alikuwa anaisahau kila mara. Siku ya tano bibi akamwambia, "Mjukuu wangu, leo tena umeniacha bila kengele, nikidondoka nitamwita nani?" Hakuisahau tena.

Kisha akaenda nyumba ya wazee kwa mazoezi. Siku ya kwanza alirudi kimya, akakaa jikoni bila kuvua viatu. Alikuwa amemsafisha mzee mwanamume aliyejiharia, na mzee alikuwa analia kwa aibu. Nikamuuliza, ulifanyaje? Akasema, "Nilimfunika taulo kwanza, baba, nikamsimulia habari za bibi." Hapo nilijua kwamba huyu ataweza. Katika darasa lao wawili waliacha wiki hiyo hiyo, wakaenda masomo mengine, na ni heri walijua wakiwa na miaka 17 kuliko wangejua wakiwa na miaka 22 na deni la chuo.

Kuna mambo madogo ambayo yatakukwamisha kama hukujiandaa, hasa sisi tuliotoka nyumbani. Kabla ya mazoezi ya wagonjwa watadai chanjo zote na kipimo cha kifua kikuu. Binti yangu alizaliwa Tabora, ana kovu la BCG begani kama sisi wote. Wakamchoma kile kipimo cha ngozi, baada ya siku mbili mkono ukavimba, wakaandika chanya. Nusura akose nafasi. BCG inaweza kukifanya kipimo cha ngozi kionyeshe chanya hata kama mtu hana maambukizi, ila haikidanganyi kipimo cha damu. Alipopimwa damu ikawa hasi, ila ilitugharimu wiki mbili na machozi. Wewe omba kipimo cha damu tangu mwanzo, na tafuta kadi yake ya kliniki sasa hivi. Chanjo ya homa ya ini B ina dozi tatu za miezi kadhaa, na tetekuwanga haimo kwenye ratiba ya kawaida ya nyumbani, kwa hiyo usisubiri wiki ya mwisho.

Akipata cheti, si kila mwajiri atamchukua kabla ya miaka 18. Na akiajiriwa na miaka 16 au 17, sheria ya kazi haimruhusu kuendesha peke yake mashine ya umeme ya kuinulia wagonjwa, lazima awe na mtu mzima aliyefundishwa. Mwambie akariri hilo, kwa sababu zamu ikiwa na upungufu wa watu kuna atakayemwambia "fanya tu". Pia akikaa miezi 24 bila kufanya hata saa 8 za kazi hiyo kwa malipo, jina linatoka kwenye rejista.

Fedha: ada hulipi, na kwenye shule hizi vitabu kwa kawaida vinatolewa. Pell, ule msaada wa serikali kuu usiorudishwa, haiguswi akiwa bado sekondari, kwa hiyo anaingia chuo kikuu na haki yake yote ya mihula 12. Na akikosa nafasi ya Early College, usione dunia imeisha. Mwanafunzi wa darasa la kumi na moja au la kumi na mbili kwenye sekondari ya kawaida anaweza kuchukua masomo ya komyuniti koleji bila ada kupitia Career and College Promise, na Nurse Aide imo kwenye njia za mpango huo.

Kwenye kikao cha wazazi uliza mambo haya bila aibu, hata kama Kiingereza kinakwama: BIO 168 wanampa mtoto mwaka gani? Mwaka wa tano upo? Nurse Aide inafundishwa, na mazoezi ni wapi, na usafiri ni wa nani? Maana basi la shule halikupeleki nyumba ya wazee saa 12 asubuhi. Mimi nilimpeleka binti nikitoka zamu, macho mekundu, miezi mitatu. Kama na wewe unafanya usiku na uko upande wa mashariki wa mji, niandikie kwa ujumbe wa faragha. Mke wangu siku hizi anatoka asubuhi, na kiti cha nyuma kipo.