Mwimbaji Alikuwa Analalamika Nini?

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Kayole alinitumia video kwa WhatsApp. Sekunde 40 tu. Ameketi kitandani, gita mapajani, vidole vinatawanyika kwenye nyuzi kama siafu waliomwagiwa maji moto. Chini yake ameandika: "Mkubwa, si huu ni muziki mzuri? Mbona kanisani wananiambia nipunguze?"

Nilichukua siku tatu kumjibu. Si kwa maringo. Ni kwamba kijana huyo ni mimi mtupu.

Nilianza gita mwaka 2008, Umoja, kwenye ploti ya vyumba 12 na bomba moja la maji. Gita lenyewe nililipata River Road kwa muuza vitu vya mitumba, shingo imepinda kidogo, waya wa kwanza haupo. Mwalimu wangu alikuwa saiba, duka la intaneti: shilingi moja kwa dakika, video inakwama kila mara, nami nimekodoa macho nisubiri mkono wa mtu usogee. Humo ndimo nilimokutana na Yngwie Malmsteen, yule Mswidi ambaye mwaka 1984 alitoa albamu ya gita la umeme linalokimbia kama fidla ya Paganini, yule fundi wa fidla wa Italia. Nikaona hapa ndipo muziki ulipofika kileleni, wengine wote wanapoteza muda.

Miaka miwili nikapiga skeli, yaani ngazi za sauti. Napanda, nashuka, napanda, nashuka. Jirani yangu, mama wa chumba cha pili, alikuwa akifua nje ya mlango wangu. Nikianza tu, anaingia ndani kuongeza sauti ya redio. Nikamhesabu miongoni mwa wasiojua muziki.

Halafu nikapata bendi. Walikuwa wanapiga rumba Jumapili jioni kwenye baa moja ya nyama choma huko Eastlands, na mpiga solo wao, yule wa gita linalotangulia mbele, alikuwa amekwenda Mombasa kutafuta kazi za hotelini. Kiongozi wa bendi alikuwa mzee wa Tanga, mmoja wa wale waliofuata muziki Nairobi miaka ya 70 wakasahau kurudi. Yeye alipiga rithimu, gita linalorudia msuko ule ule chini ya wimbo, ameketi kwenye stuli, haongei.

Jumapili ya sita nikaona leo ndiyo siku yangu. Mwimbaji alipomaliza ubeti nikakanyaga pedali ya kukwaruza mlio wa gita, nikafungulia. Kila nilichookota saiba nilikimwaga pale. Katikati ya sakafu kulikuwa na bwana na bibi wa makamo waliokuwa wakicheza taratibu, wameshikana kiuno. Wakapunguza. Wakasimama. Kisha yule bwana akamwacha mkewe pale pale, akaenda kutafuta chupa yake. Mimi bado napiga, macho nimefumba. Hayo yote niliyaona baadaye kwenye video ya simu ya rafiki yangu, niliyemwomba anirekodi ili nijivunie.

Tulipokuwa tunakunja nyaya mzee akaniita.

"Mwanangu, ule wimbo umeupiga wiki ya sita leo. Mwimbaji analalamika nini?"

Nikababaika. "Mzee, si mapenzi?"

"Mkewe kenda kwao, kamwachia mtoto ana homa. Mtoto wa mtu ana homa, wewe wampigia vigelegele."

Wiki iliyofuata akanipa gita la rithimu, solo akachukua yeye. Nilikaa kwenye rithimu miezi minane.

Hapa nataka nikae kidogo, maana wengi wakisikia hadithi hii hudhani nilishushwa cheo. Hata mimi nilidhani hivyo, kwa siku mbili hivi. Siku ya tatu mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Hebu jaribu: chukua msuko wa sauti sita au saba, uurudie dakika 10 bila kuongeza kasi, bila kupunguza, kila sauti ikatike pale pale ilipokatika mara ya kwanza, na usimmeze mpiga besi. Mimi mwenye vidole vya Malmsteen nilishindwa dakika ya tatu. Nilikuwa nakimbia. Sikujua kwamba nakimbia, kwa sababu mtu anayekimbia siku zote hajui mwendo wake. Mzee alikuwa hasemi kitu, anainua unyusi mmoja tu, nami nikajua nimewaacha wenzangu.

Ndipo nilipoelewa jambo la Les Wanyika, bendi iliyoanza hapa Nairobi mwaka 1978 na ambayo nyimbo zake hazijatoka kwenye matatu mpaka leo. Mle ndani kulikuwa na mpiga gita aliyeitwa Profesa: Omar Shabani. Kazi yake Profesa ilikuwa rithimu. Solo alikuwa nayo John Ngereza, lakini uprofesa ukaenda kwa yule anayerudia. Wasikilizaji wa mji huu si wajinga, walijua digrii wampe nani.

Sasa msinielewe vibaya nikaonekana nawapiga vita wenye kasi. Kuna watu kazi yao ni kusema "kasi haina roho," na ukiwapa gita hawawezi kutoka G kwenda C bila kuchungulia vidole. Hao ni sungura wa sizitaki mbichi hizi. Kasi ni mali. Diblo Dibala, mpiga gita wa Kongo, walimbandika jina la Machine Gun, na ukimsikiliza akiwa na mwimbaji Kanda Bongo Man utajua hawakumwonea. Ila tazama: bendi aliyoiunda baadaye pamoja na Aurlus Mabélé waliiita Loketo, yaani nyonga kwa Kilingala. Mwenye vidole vya moto kuliko wote alijua vidole vyake vinamfanyia nani kazi. Sikiliza sebene zake, zile sehemu za kucheza ambapo gita huongoza, kwa makini: sauti ni nyingi, lakini zinazunguka kwenye duara fupi, na kila duara likifunga mguu wako unajua pa kukanyaga. Mimi pale baa nilikuwa na sauti nyingi zisizo na duara. Wale wawili wangekanyaga wapi?

Wala usiniambie Wakenya hawapendi gita linalopigwa kwa muda mrefu. Benga imejengwa juu ya hilo. Wapigaji wa Kijaluo waliuchukua mtindo wa nyatiti, chombo cha nyuzi nane, wakauhamishia kwenye gita: sauti moja moja zinazokimbizana badala ya kukung'uta nyuzi zote pamoja. D.O. Misiani na Shirati Jazz yake walipiga hivyo miongo na miongo, mpaka kifo chake mwaka 2006. Enzi za santuri ndogo wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili, na mara nyingi upande wa pili ndio magita yalikoachiwa uwanja. Watu walikuwa wanainuka vitini kwenda kuigeuza santuri wayasikie.

Na kuna ufundi usiojionyesha. George Mukabi, mwana wa Butere aliyefariki 1963, alipiga omutibo, mtindo wa gita wa kwao, kwa vidole viwili, gumba likishika sauti nene na kidole cha shahada kikiimba juu. Ukisikiliza ovyo utadhani magita ni mawili. Pembeni mtu anakwaruza chupa ya Fanta. Jaribu kupiga vile huku unaimba, kisha uje tuongee kuhusu ugumu.

Hata hao Wazungu tunaowaiga walijua kipimo. Kile kipande cha gita tupu cha Eddie Van Halen kwenye albamu ya kwanza ya bendi yake, mwaka 1978, ambacho kilifanya vijana dunia nzima waanze kugonga nyuzi kwa mikono yote miwili, kina dakika 1 na sekunde 42. Chai haijapoa, kimekwisha. Yangu pale baa, kwa mujibu wa video, ilikuwa dakika 4 na nusu.

Kwa hiyo nilimwandikia nini kijana wa Kayole? Kwanza nilimwambia aulize kanisani: wanataka apunguze kasi au apunguze sauti? Nusu ya ugomvi wa wapiga gita na viongozi wa kwaya ni amplifaya tu, wala haina uhusiano wowote na sanaa.

Kama ni kasi, basi aanze na maneno ya wimbo. Ayajue yote, pamoja na ubeti wa tatu usioimbwa. Kisha ile solo aiimbe kwa mdomo kabla hajaigusa kwa mkono. Mdomo una pumzi, na pumzi huisha. Inapoisha, mkono nao utue. Ukishindwa kuiimba solo yako mwenyewe, ujue vidole vilikwenda bila wewe. Pedali nazo aziweke kando mwezi mzima. Ule mlio wa kukwaruza huficha mengi, na mimi ulinificha miaka miwili.

Halafu ule msuko wa dakika 10. Aurekodi kwa simu, asiusikilize siku hiyo. Kesho yake, akiwa anaosha vyombo au amekwama kwenye matatu Jogoo Road, aweke spika za masikio. Mguu ukicheza bila kuambiwa, asonge mbele. Usipocheza, arudi kitandani na gita lake.

Skeli asiziache. Azipige polepole kwa metronomu, kile chombo cha kuhesabu mapigo, aongeze kidogo kidogo, na kifundo cha mkono kikianza kuuma apumzike badala ya kujifanya shujaa.

Miezi minane ile ilikuwa na kitu kingine ambacho sikumwandikia, maana kingeonekana majigambo. Kama mwezi wa tano hivi nilikuwa chumbani nauzungusha msuko mmoja wa mzee, nje mama wa chumba cha pili anafua kama kawaida. Nikasubiri redio. Badala yake nikasikia anaimba, wimbo wa kwao nisioujua, umekaa sawasawa juu ya gita langu, na brashi inakwenda kwenye nguo kwa mapigo yale yale. Sikuthubutu kuacha. Nilipiga mpaka akaanika shati la mwisho.

Jumamosi nyingine, lakini, mwili ukinisumbua, nafunga mlango, nachomeka pedali, narudi kwa Malmsteen wangu kwa kasi yote niliyonayo. Nafurahi sana. Haipiti dakika mbili, redio hiyo inapandishwa.