Nimchague mwalimu yupi wa Kifaransa hapa Dodoma?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtumishi wa umma, ninafanya kazi Mtumba na ninaishi Kisasa. Ninataka kuomba nafasi ya masomo ambayo masharti yake yanadai cheti cha Kifaransa cha kiwango cha B1, na nimebakiwa na miezi kumi na minne kabla ya maombi kufungwa. Kifaransa nilikisoma hadi kidato cha pili, lakini kilichobaki kichwani ni salamu na kuhesabu hadi kumi. Nimepata walimu watatu wa tuisheni. Wa kwanza ni binti aliyesoma Kifaransa Chuo Kikuu cha Dodoma; wa pili ni mzee kutoka Bujumbura anayeishi Chang'ombe; wa tatu anafundisha kwa simu kupitia intaneti na ananiahidi kwamba baada ya miezi mitatu nitaongea kama mtu wa Paris. Nitamtambuaje aliye mzuri wakati mimi mwenyewe lugha siijui? Na je, si afadhali nimchukue mzee, kwa kuwa Kifaransa ni chake?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza swali ambalo wengi huliuliza wakiwa wameshalipa ada ya miezi mitatu, kwa hiyo umewahi.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu peke yake inamwondoa mmoja kati ya hao watatu. Viwango vya lugha, kuanzia A1 cha anayeanza hadi C2 cha aliyebobea, vinatokana na mfumo ambao Baraza la Ulaya liliuchapisha mwaka 2001, na kwa makadirio yanayotumika sana katika vituo vya Kifaransa, mtu anayeanzia sifuri huhitaji kati ya saa 350 na 400 za kujifunza ili afike B1. Miezi yako kumi na minne ni kama wiki 60. Ukikutana na mwalimu mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila mara, utakuwa umepata saa 180. Zilizobaki ni zako mwenyewe: nusu saa kila siku, Jumapili ikiwemo, inakupa takriban saa 210 katika muda huohuo, na jumla yake inaingia ndani ya makadirio hayo. Kwa hiyo anayekuahidi miezi mitatu ama hajapiga hesabu hiyo, ama ameipiga na anatumaini kwamba wewe hutaipiga. Simkatai kwa sababu anafundisha kwa intaneti, maana wapo walimu wazuri sana wanaofundisha hivyo. Ninamkataa kwa ahadi yake.

Hesabu hiyo inakufundisha pia kazi halisi ya mwalimu wa tuisheni. Zaidi ya nusu ya safari utaitembea peke yako, kwa hiyo saa unazozilipia zisitumike kwa mambo ambayo ungeweza kuyafanya ukiwa umekaa kwenye kochi lako. Kukariri msamiati, kusikiliza taarifa ya habari ya Kifaransa chepesi ambayo redio ya Ufaransa, RFI, huitoa, kufanya mazoezi ya bure yaliyopangwa kwa viwango kwenye tovuti ya televisheni ya Kifaransa, TV5MONDE, hayo yote hayahitaji mtu wa kukusimamia. Mwalimu unamlipa kwa jambo moja ambalo simu haikufanyii vizuri, nalo ni kuliona kosa lako, kujua limetoka wapi, na kukuonyesha njia ya kulitoa. Hapo ndipo utakapomjua, hata kama Kifaransa chenyewe hukijui.

Sasa suala la mzee wa Bujumbura. Nyumbani kwao Burundi watu wengi huzungumza Kirundi, na Kifaransa hukipata shuleni, kama sisi tulivyokipata Kiingereza. Kwa hiyo usiseme kwamba Kifaransa ni chake kwa kuzaliwa; kuna uwezekano mkubwa kwamba alikitolea jasho. Mimi hilo ninalihesabu kuwa sifa, kwa sababu aliyepanda mlima kwa miguu hukumbuka mahali palipoteleza. Watu watakutisha pia kwamba Kifaransa cha upande huo "si sahihi", na mfano wanaoupenda ni namba. Mzee akihesabu, sabini atasema septante na tisini atasema nonante, wakati mtu wa Ufaransa husema soixante-dix, yaani sitini na kumi, na quatre-vingt-dix, yaani ishirini mara nne na kumi. Septante na nonante si makosa. Hutumika Ubelgiji na Uswisi, na zilifika Kongo, Rwanda na Burundi pamoja na utawala wa Wabelgiji. Mwombe tu akuzoeze zote mbili, kwa sababu katika mtihani wa kusikiliza unaweza kusomewa namba ya simu yenye soixante-dix-sept, yaani 77, na asiyezoea huandika 60 kisha akatafuta pa kuiweka 17.

Kwa binti wa Chuo Kikuu wasiwasi unaosikika ni kinyume chake, kwamba "amesoma kwenye makaratasi tu". Huenda ni kweli, huenda si kweli. Cheti chake hakitakwambia. Vyeti viangalie kwa dakika mbili, ujiridhishe kwamba mtu mwenyewe ana angalau B2, kisha uvirudishe kwenye bahasha.

Kinachofuata ni kipindi cha majaribio, na ukilipie. Usiombe cha bure, kwa sababu kipindi cha bure mwalimu hukigeuza kuwa mazungumzo ya kujinadi, naye ana haki. Mwambie kila mmoja: ninalipia saa moja, nifundishe kama ambavyo ungenifundisha wiki ijayo. Nenda na daftari na mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni wa matamshi. Kifaransa kina neno dessus, lenye maana ya juu yake, na dessous, lenye maana ya chini yake. Tofauti iko kwenye irabu ya mwisho tu. Sisi Waswahili tuna u moja, kwa hiyo maneno yote mawili tunayatamka "desu", na kikombe kilicho juu ya meza kinajikuta mvunguni. Mwombe mwalimu akufundishe kuyatofautisha, kisha nyamaza utazame. Mwalimu dhaifu atayatamka yeye, atakwambia rudia, utakosea, atakwambia rudia tena, na mwishoni atasema utazoea. Mwalimu anayeijua kazi yake ataacha kukurudisha, atakwambia tamka i kama ya "pili", uivute, ulimi usiusogeze hata kidogo, halafu uviringe midomo kama mtu anayepuliza mkaa wa jiko. Sauti inayotoka hapo ndiyo u ya dessus, na wewe mwenyewe utashtuka kuisikia kinywani mwako. Hiyo ou ya dessous usihangaike nayo, ni u yetu ya "kuku".

Mtego wa pili ni wa sarufi, na huu ndio ninaoupa uzito kuliko wote. Mwombe akueleze jinsi ya kusema "ninamwona". Walimu wengi hapa kwetu hufundisha Kifaransa kwa kupitia Kiingereza, kwa kuwa wenyewe ndivyo walivyofundishwa na ndivyo vitabu vyao vilivyoandikwa. Basi mwanafunzi anaambiwa kwamba Kifaransa kina tabia ya ajabu ya kumweka mtendwa mbele ya kitenzi: je le vois. Ajabu kwa nani? Katika "ninamwona", -mw- yetu inakaa mbele ya -ona, mahali palepale ambapo le inakaa mbele ya vois. "Nimekipoteza" kitabu ni je l'ai perdu, na ile l' imetangulia kama -ki- ilivyotangulia. Mtoto wa Kiswahili ameyabeba haya tangu akinyonya, halafu anapelekwa London kwanza ndipo arudishwe Paris. Mwalimu atakayekuonyesha uhusiano huo bila kuulizwa, hata kama maelezo yake hayajanyooka sana, mshike mkono.

Ndivyo ilivyo kwa jinsia za nomino. Mtu aliyekulia kwenye kiti kizuri, mti mzuri na nyumba nzuri hana sababu ya kuogopa un beau jardin (bustani nzuri, jinsia ya kiume) na une belle maison (nyumba nzuri, jinsia ya kike), kwani upatanisho wa kisarufi ndio uti wa mgongo wa lugha yake. Ugumu uko kwingine: ngeli zetu mara nyingi hujitaja kwenye kichwa cha neno, ilhali nomino ya Kifaransa huficha jinsia yake, na huna budi kuikariri pamoja na un au une yake kama jina na ukoo. Tazama ubaoni au kwenye daftari la mwalimu: akikuandikia maison peke yake, bila une, katika saa ya kwanza, utakuja kuilipia baadaye.

Kabla ya kuondoka, mwachie ukurasa mmoja. Andika sentensi sita au saba kukuhusu kwa Kifaransa kibovu ulicho nacho, umwombe akusahihishie na kukurudishia baada ya siku mbili. Anayekurudishia ukurasa wote ukiwa umeandikwa upya kwa ufasaha amekufanyia kazi yako, na hujajifunza chochote. Anayekurudishia ukiwa mwekundu kila mahali amekukatisha tamaa. Mtafute aliyechagua makosa mawili au matatu yanayojirudia, akayapigia mstari, akakuachia uyasahihishe mwenyewe.

Suala la kuandika ninalisisitiza kwa sababu limewahi kunitia aibu. Miaka yangu ya mwanzo ya tuisheni nilimfundisha kijana mmoja wa mtaa wa Kikuyu kwa karibu mwaka mzima. Alipenda kuongea, nami nilipenda kumsikiliza. Tulikaa chini ya mwembe tukizungumza Kifaransa hadi giza linaingia, na madaftari tukayasahau. Akaenda kufanya mtihani wa DELF wa B1, ule unaotolewa kwa niaba ya Wizara ya Elimu ya Ufaransa. Mtihani huo una sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, kila moja alama 25. Ili kufaulu unahitaji jumla ya 50 kati ya 100, na katika kila sehemu usipate chini ya 5. Kijana wangu alipata 58. Kwenye kuandika alikuwa na 4. Kosa halikuwa lake. B1 inadai uandike habari ya maneno yasiyopungua 160, na mimi sikuwahi kumdai hata 60. Kwa hiyo muulize kila mwalimu, waziwazi: utasahihisha maandishi yangu mara ngapi kwa mwezi? Akijibu kwamba kuandika kutakuja kwenyewe, mkumbuke kijana wa Kikuyu.

Jambo la pembeni lakini la lazima: soma tena masharti ya nafasi unayoomba uone cheti gani kinakubaliwa. Cheti cha DELF hakiishi muda wake, ilhali matokeo ya TCF, mtihani mwingine wa Kifaransa, hudumu miaka miwili tu. Tarehe za mitihani ziulize mapema Alliance Française ya Dar es Salaam, kwa kuwa mitihani hufanyika kwa misimu na matokeo nayo huchukua muda. Hesabu yako ya miezi kumi na minne iishie kwenye siku ya kupata cheti mkononi, si siku ya kukaa kwenye chumba cha mtihani.

Kuhusu malipo sina mengi. Lipa baada ya kila vipindi vinne, kwa simu ili kumbukumbu ibaki, na mkubaliane tangu mwanzo nani anabeba hasara mmoja wenu asipotokea. Anayekung'ang'aniza ulipe nusu mwaka kwa mkupuo mwache aende zake. Na kwa kuwa unatoka Mtumba jioni ukiwa umechoka, nauli na foleni za kwenda Chang'ombe uziingize kwenye bei. Mwalimu wa bei ndogo aliye mbali hugeuka kuwa wa bei kubwa ifikapo wiki ya sita, pale unapoanza kutafuta visingizio vya kutokwenda.

Kwa maelezo uliyonipa, na bila kuwaona watu hao, mimi ningeanza na binti kwa miezi minane ya kwanza, mara mbili kwa wiki, sarufi, matamshi na kuandika, ilimradi avuke mitego niliyokutajia. Kuanzia mwezi wa tisa ningemwacha aendelee na kipindi kimoja, na cha pili nikampelekea mzee wa Bujumbura kwa ajili ya kuongea peke yake, kwani sehemu ya kuongea ya B1 ina mahojiano, igizo la watu wawili na maelezo ya maoni yako, na ni vema masikio yako yazoee sauti zaidi ya moja kabla ya siku yenyewe. Waambie wote wawili mapema kwamba wanashirikiana. Kuna walimu wanaochukia hilo, na ukimgundua mmoja wao wiki hii utakuwa umeokoa fedha. Mzee, usimwendee mikono mitupu kwa swali la namba. Mwambie akuhesabie kutoka 60 hadi 99 kwa njia zote mbili huku ukiandika, kisha mhesabu pamoja umekosea wapi.