Mawasiliano, barua au waraka?

SWALI: Ndugu mtaalamu, mimi ni karani wa masjala katika ofisi moja mkoani Morogoro. Mkuu wangu wa kitengo alinipa daftari jipya, akataka niandike juu yake kwa Kiswahili neno lililokuwa kwenye daftari la zamani: "correspondence". Nikaandika MAWASILIANO. Haikupita wiki nikakuta watu wanajaza humo majina yao na namba za simu. Nilikosea wapi?

JIBU: Hukukosea maana, ndugu yangu. Ulichukua neno pana mno. Mawasiliano yanatokana na kitenzi wasili. Mgeni akiwasili, amefika. Watu wakiwasiliana, kila mmoja amemfikia mwenzake, na njia ni yoyote ile. Ndiyo maana mvua ikisomba daraja tunaambiwa redioni kuwa mawasiliano ya barabara yamekatika, na hapo hakuna barua iliyotajwa. Kwenye fomu na matangazo, neno hilo limeshakuwa jina la namba ya simu na anwani. Waliojaza namba zao walisoma walichokizoea, usiwalaumu.

Unachotafuta wewe ni barua zinazokwenda na kurudi. Kwa daftari la masjala, andika BARUA ZINAZOINGIA NA ZINAZOTOKA. Ni jina refu, lakini hakuna atakayelisoma vibaya. Katika taarifa, ukihitaji nomino moja ya jumla, sema mawasiliano ya barua, na neno barua usiliache hata kidogo.

Katika sentensi, hata hivyo, mimi ningeiacha nomino kabisa. Kiswahili kina kitenzi kinachotosha: kuandikiana. Linganisha "tumekuwa na mawasiliano ya barua na wizara tangu Machi" na "tumeandikiana na wizara tangu Machi". Ya pili ni fupi, na ina ukweli zaidi, kwa sababu ile -ana ya mwisho inadai pande mbili. Ofisi iliyopeleka barua tatu isijibiwe hata moja haijaandikiana na mtu; imeandika tu. Nimeona taarifa zinazodai "mawasiliano yanaendelea", kumbe upande wa pili haujatia wino. Kitenzi kingewaumbua walioandika hivyo. Kama barua zimejibizana kweli, ushahidi upo ndani ya jalada: kila moja inaanza kwa kurejea Kumb. Na., yaani namba ya kumbukumbu, ya iliyotangulia.

Na kuandikiana si jambo la juzi kwetu. Maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi yanayojulikana ni barua, zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati ya Kiarabu na kupelekwa Msumbiji kwa Wareno na washirika wao. Leo zimehifadhiwa Goa, India. Wahenga nao walisema barua ni nusu ya kuonana. Sijui tafsiri ya neno lako inayonigusa kuliko hiyo.

Huenda mtu akakushauri uandike NYARAKA. Usikubali. Waraka limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya jani au karatasi, na zamani lilikuwa barua tu, kama tunavyolikuta bado katika Waraka kwa Warumi. Ofisini leo limechukua njia nyingine: linashuka kutoka juu kwenda kwa wengi. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, uliofuta ada hadi kidato cha nne katika shule za serikali, haukuandikwa ili walimu wakuu wajibu. Uliandikwa watekeleze. Barua inangoja jibu. (Tena ni waraka huu, nyaraka hizi, kama wakati huu, nyakati hizi. "Nyaraka hii" inaniumiza kila ninapoisikia.)

Neno hilo la Kiingereza lina maana nyingine, ya vitu viwili kuendana, na hapo mawasiliano hayana nafasi kabisa. Hatusemi "hakuna mawasiliano kati ya maneno yake na vitendo vyake", isipokuwa kama mtafsiri amechoka. Maneno yake hayalingani na vitendo vyake. Hesabu ya stoo hailingani na ya daftari. Kwa nomino, ulinganifu unafaa. Na ndugu za neno hilo: masomo ya kutumiana kwa barua (correspondence course) tuliyaita elimu kwa njia ya posta, na mtu anayeliletea gazeti habari kutoka mbali (correspondent) ni "Mwandishi Wetu" tu.

Kwa hiyo bandika karatasi nyeupe juu ya lile neno, uandike jina jipya kwa herufi kubwa. Zile namba za simu zihamishie kwenye daftari la simu kabla hujaingiza barua ya kwanza, maana wenyewe watakuja kuziulizia.