Maswali yenu kuhusu kichipu cha kukamata seli moja moja

Wiki iliyopita niliweka picha ya kichipu chetu cha maabara kikiwa kwenye kiganja changu, kipande cha mpira unaopitisha mwanga kimebandikwa juu ya kioo, na meseji zimekuja nyingi mpaka nikaona bora nijibu hapa hapa kwa wote. Nimechagua maswali yanayojirudia.

Mimi niko Busia. Hiyo kitu ni nini hasa? Naona kama jeli tu.

Umeona sawa ssebo, ukiishika inateleza na kurudi kama jeli. Ni mpira wa silikoni, jina lake refu ni polidimethilsiloksani, ila kazini tunasema PDMS na maisha yanaendelea. Ndani yake kuna vijia ambavyo macho hayavioni vizuri, upana maikromita 20, 50, hadi 100, na ujue unywele wako mmoja uko kwenye 70 mpaka 100 hivi. Maji yenye seli yanaingia upande huu kwa kimpira chembamba yanatokea upande ule, na katikati kuna vishimo, kila kishimo kinashika seli moja.

Kwa nini moja? Kwa sababu ukipima seli zote kwa pamoja unapata wastani, na wastani unaficha mambo. Chukua seli 100 za kansa uzipe dawa, 99 zife moja ibaki, kipimo cha jumla kitakwambia dawa ni nzuri sana, kumbe ile moja ndiyo itakayozaa upya na kumrudisha mgonjwa wodini. Mimi hiyo moja ndiyo naitafuta.

Mwanafunzi, Mbarara: Seli inajuaje kwamba kishimo kimeshajaa? Kuna sensa?

Hakuna sensa, hakuna kompyuta, na hapa ndipo naipenda hii kazi kuliko kitu kingine. Ni maji tu na umbo la njia.

Maji yakifika kwenye kishimo yanakuta njia mbili. Ya kwanza ni fupi, inapita ndani ya kishimo na kutokea nyuma kwenye kikoo chembamba sana. Ya pili ni ndefu, inazunguka nje. Mchoraji amepiga hesabu urefu na upana ili ile fupi iwe nyepesi kidogo kuliko ndefu, kwa hiyo maji mengi yanakata hapo na seli inabebwa nayo, inaingia, inafika kooni inakwama kwa sababu koo ni jembamba kuliko yenyewe. Sasa imeziba. Njia iliyokuwa nyepesi imekuwa nzito, maji yanageukia ile ndefu, na seli inayofuata inapitiliza mpaka kishimo cha mbele ambacho bado kiko wazi. Ni kama boda anayekata uchochoro kukwepa jam ya Clock Tower mjini Kampala, akikuta mwenzake kaziba uchochoro anarudi barabara kubwa atafute uchochoro mwingine. Seli yenyewe ndiyo inafunga mlango nyuma yake!

Mpango huu wa njia mbili ulielezwa vizuri mwaka 2007 na watafiti Tan na Takeuchi wa Tokyo, na wao waliongeza jambo la kuitoa seli au shanga unayoitaka, walipasha moto sehemu ndogo kwa leza kikatokea kiputo kikaisukuma nje. Mwaka mmoja kabla, Di Carlo na Lee kule Berkeley, Marekani, walikuwa wametumia vikombe vidogo vya umbo la U vimepangwa safu safu katikati ya mto. Vyote viwili vinawezekana kwa sababu kwenye kijia chembamba hivyo maji hayavurugiki kabisa, yanakwenda kwa tabaka, ukipitisha maji mekundu na ya bluu pamoja utayaona yanatembea bega kwa bega bila kuchanganyika isipokuwa pole pole kwenye mpaka.

Jinja: Umetaja shanga. Ni hizi tunazovaa kiunoni?

Hapana nnyabo, ingawa umbo ni lile lile la duara. Hizi ni za plastiki, nyingi ni polistirini, na zile tunazotumia sisi zina upana wa maikromita 10, karibu sawa na seli nyeupe ya damu. Kwanza tunajifunzia, maana shanga hazifi na zote zina ukubwa mmoja, zikikataa kuingia kishimoni unajua kosa liko kwenye chipu. Pili, unaweza kuipaka shanga antibodi, yaani protini ya kinga, ikanasa protini fulani kwenye sampuli, halafu inawaka rangi chini ya darubini, kila shanga inakuwa kipimo chake.

Makerere: Kwani si mtumie matone kama wengine? Ni haraka zaidi.

Kweli, ni haraka. Unakata maji ndani ya mafuta yanakuwa matone maelfu kwa dakika na seli zinajikuta humo, na tangu 2015 njia hii imesaidia kusoma jeni za seli nyingi sana kwa mara moja. Ila hesabu yake ni ya bahati. Ili usipate seli mbili kwenye tone moja lazima uzipunguze sana, ukiweka wastani wa seli 1 kwa matone 10, basi kati ya matone 1000 kama 905 ni matupu, 90 yana seli moja, na 5 hivi yana mbili au zaidi. Mwenye seli chache za mgonjwa atazipoteza? Si lazima, lakini tone likishaondoka limeondoka. Kwenye kishimo seli inakaa, unampa dawa saa nne, unabadilisha chakula saa nane, unamwangalia yule yule mpaka kesho.

Entebbe: Nataka kutengeneza. Nianzie wapi na nini kinaharibika?

Unahitaji kalibu yenye michoro iliyoinuka, hiyo inatengenezwa kwa mwanga na ndiyo sehemu ya gharama, lakini kalibu moja inatoa chipu nyingi. Unachanganya silikoni na dawa yake ya kukaza kwa uzito 10 kwa 1, unakoroga mpaka ijae povu jeupe, unaiweka kwenye vakyumu povu liishe, unamimina, unaoka nyuzi 70 hivi kwa saa mbili. Halafu unabandua. Unashika ukingo kwa kibano unavuta polepole na ule mpira unaachia kwa sauti ndogo, ukiugeuza kwenye mwanga unaona mistari inang'aa kama nyayo za konokono. Unatoboa matundu, unapitisha plazma (si ya damu, ni gesi iliyochajiwa umeme) juu yake na juu ya kioo, unavigusanisha, vinashikana moja kwa moja.

Kinachoharibu ni vumbi na hewa. Vumbi, piga seloteepu juu ya mpira kabla ya kubandika, na chuja kila kimiminika. Hewa ndiyo adui mkubwa. Kiputo kimoja kikiingia kijiani kinakaa hapo kama jiwe, na kikisogea kinafagia seli zote ulizozipanga, mimi nimepoteza siku nzima ya seli za mgonjwa kwa kiputo kimoja na iliniuma kwa sababu yule mtu alitoa damu mara moja tu. Siku hizi najaza kwanza ethanoli maana inalowesha kuta haraka, ndipo nasukuma maji, ndipo albumini, ile protini, ili seli zisinate, na sirinji siichomeki mpaka tone linaninginia pande zote mbili, tone linakutana na tone.

Arua: Umeme ukikatika?

Pampu ikizima, ning'iniza chupa ya maji juu ya chipu. Maji yakiwa juu kwa sentimita 10 yanakupa presha ya kilopaskali 1 hivi, inatosha kabisa kwa chipu nyingi, na mtiririko wake ni mtulivu kuliko pampu za bei rahisi.

Mama, Soroti: Mwanangu ana sikoseli. Hii itamsaidia?

Mama, pole na hongera kwa kumlea. Kwa kumpima, hapana, vipimo vipo tayari na tone la damu kavu kwenye karatasi linatosha, wadogo zake nao wapelekwe, maana hapa Uganda watu kama 13 kati ya 100 wanabeba hiyo jeni bila kujua.

Kwa kuelewa ugonjwa wake, ndiyo. Silikoni inapitisha hewa, kwa hiyo tunaweza kupunguza oksijeni kupitia ukuta wa mpira na kuangalia seli moja ikibadilika kutoka duara kuwa mundu, sekunde ngapi imechukua, na ikirudishiwa oksijeni inarudi au hairudi. Za mtoto mmoja hazifanani hata zenyewe kwa zenyewe, moja inajikunja mapema, jirani yake kwenye kishimo cha pili bado iko duara. Ukiongeza dawa unaona ni zipi zimechelewa kujikunja. Mwambie daktari wake kwamba umeuliza, na dawa yake ya haidroksiyurea asiikose.