Soma Herufi za Ndege Kabla ya Kuchagua Leseni ya Urubani

Leseni ya urubani "inayotumika dunia nzima" haipo. Nalisema mapema kwa sababu kila nikirudi nyumbani Mombasa hapakosi mzazi wa kuniuliza mwanawe akaisomee wapi, na hapakosi wakala wa vyuo aliyekwisha kumhakikishia kuwa ipo. ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, inaweka viwango tu. Leseni yenyewe hutolewa na nchi: kwetu hutolewa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, Marekani ni FAA, na Ulaya ni mamlaka za nchi zinazofuata kanuni za EASA, wakala wa Ulaya wa usalama wa anga.

Siku ukienda kumpokea mgeni uwanja wa Moi, tazama herufi zilizoandikwa ubavuni mwa ndege, karibu na mkia. 5Y ni ya Kenya, 5H Tanzania, ET Ethiopia, A6 Falme za Kiarabu, N Marekani. Mkataba wa Chicago wa 1944 unataka rubani wa safari za kimataifa awe na leseni iliyotolewa au kukubaliwa na nchi ilikosajiliwa ndege yake. Ndiyo maana rubani mwenye leseni ya Kenya huipeleka 5Y hadi London au Mumbai na haulizwi leseni ya Uingereza wala ya India.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: ndege za herufi gani zitakuajiri miaka yako ya mwanzo? Hapo pasipoti ina uzito kuliko alama za mtihani. Leseni ya EASA haikupi ruhusa ya kuishi wala kufanya kazi Ulaya. Kijana wa Kisauni mwenye pasipoti ya Kenya peke yake, kazi yake ya kwanza huenda ikawa uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenye Caravan, ndege ndogo ya abiria, ya kwenda Ukunda, Lamu au Maasai Mara. Hizo ni 5Y. Akija na leseni ya nje itabidi aibadili, na huko kuna mitihani, ada, na subira ndefu. Huyu mimi humwambia aanze na KCAA, hata kama jirani yake anajigamba na picha za mafunzo ya Florida, Marekani.

Mwenye pasipoti ya Uingereza, na Mombasa hawako wachache, ana hesabu nyingine. Ila ajue kwamba Uingereza ilitoka EASA mwisho wa 2020. Leseni ya huko na ya Ulaya sasa ni mbili tofauti, na wapo mawakala wanaouza moja kwa jina la nyingine.

Njia ya Ulaya ni ngumu upande wa vitabu: nadharia ya ATPL, leseni ya juu ya rubani wa mashirika ya ndege, ina masomo 13, kila moja alama 75 kwa mia, yote ndani ya miezi 18. Marekani vitabu ni vyepesi, lakini CPL, leseni ya kuruka kwa malipo, kwa kawaida hudai saa 250 angani, ilhali kiwango cha ICAO ni 200, au 150 ukifuata kozi iliyoidhinishwa. Tena mgeni huchunguzwa kiusalama kabla ya kuanza mafunzo. Ghuba, ambako macho ya wengi hapa Pwani yako, ATPL hutanguliwa na saa 1,500, na kampuni kubwa hupenda mtu aliyezoea ndege nzito. Usiuze kiwanja cha babako ukitarajia kutoka chuoni moja kwa moja hadi Dubai.

Kipimo cha afya cha daraja la kwanza kifanye kabla ya kulipa hata shilingi ya karo, kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ile ile utakayoomba leseni. Macho, hasa kutofautisha rangi, yamewarudisha vijana wenye akili sana. Kiingereza cha redioni kinatakiwa angalau kiwango cha 4. Ukipata cha 6 hurudii tena mtihani.

Halafu daftari la saa zako za kuruka. Nimewahi kuletewa la kijana mmoja aliyesomea ng'ambo: saa za usiku hazikujumlishwa, za kuruka kwa kutegemea vyombo zimechanganywa na za kawaida, na kurasa kadhaa hazina sahihi ya mwalimu. Chuo chenyewe kilikuwa kimeshafungwa. Jumlisha kila ukurasa siku unapoujaza, mwalimu asaini hapo hapo, upige picha, na nakala moja umtumie mtu wa nyumbani.